Bwana Harusi Apanda Boti

Jumatatu, 3 Februari

Kwa mkwe wangu,

Salamu. Natumaini wewe na mwanangu hamjambo. Mimi sijambo kuanzia kiunoni kwenda juu. Kwenda chini ni habari nyingine, na ndiyo inayonifanya nikuandikie wewe badala ya mtu wa maana.

Nimevunjika mguu. Usianze kuuliza wimbi lilikuwa kubwa kiasi gani. Nimesimama kwenye boti tangu mkeo hajazaliwa, kwenye mvua na kwenye upepo, nikaja kuangushwa na sabuni bafuni kwa mwanangu mdogo, juu ya vigae vinavyong'aa kama meno ya bandia. Nilikuja kuwatembelea siku chache. Sasa nimefungwa plasta kutoka pajani mpaka kisiginoni na nimekuwa fanicha. Tena fanicha isiyopendeza, maana humu ndani kuna meza ya kioo ambayo haiguswi, na mlangoni unavua viatu ili uvae viatu vingine. Mume wake, yule mhasibu, akipita karibu yangu huongea polepole na kwa sauti kubwa, kana kwamba nilivunjika masikio.

Boti haiwezi kukaa bure. Nakuachia wewe. Sijasema unaweza. Nimesema nakuachia, kwa sababu aliyebaki ni baharia wetu Nusu Neno, na mtu ambaye hajawahi kumaliza sentensi hawezi kuongoza chombo. Najua wewe ni kinyozi. Nilikuchukua uvute nyavu walipobomoa kibanda chako kupanua barabara, na usukani sikukupa hata siku moja kwa sababu ninazozijua. Sasa ushike kwa mikono miwili. Usivuke miamba. Mafuta ya injini yaangalie kabla ya kuondoka, si baada ya kukwama.

Mbwa wangu mwache gatini kama kawaida yake. Mpe chakula jioni. Hilo hata kinyozi analiweza.

Usinipigie simu. Kwenye simu unasema "naam, Mama, naam, Mama" halafu unafanya unavyotaka. Andika, mpe dereva wa gari la barafu. Anapita hapa kila wiki.

Mimi,
mama wa mkeo


Jumanne, 11 Februari

Shikamoo Mama,

Pole sana kwa mguu. Mwanao analia kila akikumbuka, na mimi namtuliza. Sisi wazima. Boti nzima. Samaki si haba.

Shida ni mbwa.

Siku mbili za kwanza alikaa gatini, akatungoja. Tuliporudi alikuja mbio, akaingiza kichwa ndani ya boti, akatafuta chini ya mbao, akatafuta nyuma ya injini, kisha akanitazama mimi. Mama, sijawahi kutazamwa hivyo hata na mteja niliyemkata sikio. Siku iliyofuata tulipong'oa nanga alijitupa majini akatufuata. Tulidhani atarudi. Hakurudi. Tulipogeuka tukaona pua tu, inazama inatoka. Nusu Neno alimvuta kwa ngozi ya shingo, na tukawa naye ndani siku nzima.

Siku yenyewe nikueleze. Alibwekea shakwe mpaka sauti ikamkauka. Alikanyaga wavu, akajisokota humo. Samaki wa kwanza aliporuka alimrukia, wa pili aliporuka akanirukia mimi. Alitapika kwenye kapu la chakula chetu. Boti ikayumba kila alipohama upande, na anahama kama mtu aliyesahau kitu.

Nikimfungia nyumbani analia mpaka jirani anakuja na fimbo. Nikimfunga gatini anatafuna kamba.

Halafu kuna jambo la jina. Sijui kama unakumbuka, ila ulimpa jina hilo siku ya harusi yangu, alipojitokeza chini ya meza za chakula, ukawatangazia wageni kwamba leo mmepata mabwana harusi wawili na huyu angalau atabweka mwizi akija. Basi siku nzima mimi niko katikati ya maji, boti za watu zinapita, napiga kelele: "Bwana Harusi, kaa chini! Bwana Harusi, toa mdomo kwenye hicho!" Wavuvi wenzangu wamefurahi sana. Sasa wananiita hivyo hivyo.

Naomba ruhusa nimpeleke kwa mtu wa kumtunza mpaka upone.

Mkwe wako


Ijumaa, 14 Februari

Mkwe wangu,

Marahaba. Barua yako nimeisoma kwa sauti mezani, mhasibu akacheka mpaka akamwaga chai kwenye ile meza ya kioo. Nakushukuru kwa hilo tu.

Ruhusa huna. Mbwa huyo ananitafuta. Hajaniona nikifa, hajaniona nikirudi, na sehemu anayojua mimi ninakwenda ni majini. Ana akili kuliko nyinyi wawili mliomwacha aogelee mkidhani atachoka.

Lakini kumpandisha boti na kung'oa nanga papo hapo, hiyo ni akili ya wapi? Mtoto wa watu akija kunyolewa mara ya kwanza, unamrukia na wembe? Sikiliza, nami nitaandika kwa herufi kubwa kubwa.

Boti iwe imefungwa gatini. Injini imezimwa. Nyavu ziwe nje. Usimbebe, aingie kwa miguu yake. Chukua gunia safi, likunje, liweke mbele upande wa kivuli. Hapo ndipo nyumbani kwake. Miguu yote minne ikiwa juu ya gunia, mpe kipande cha ini la samaki na umwambie vizuri kwa sauti ya chini. Akitoka juu ya gunia, usiseme kitu, usimpe kitu. Mshushe kabla hajachoka, yaani kabla wewe hujaona kwamba amechoka, maana wewe huoni mambo mapema. Kesho tena. Hivyo hivyo mpaka aingie na kulala mwenyewe. Ndipo uwashe injini, boti bado imefungwa. Ndipo uende kidogo na kurudi. Wavu uje mwisho kabisa.

Kabla ya kupanda mtembeze mpaka ulimi utoke, na ajisaidie nchi kavu. Maji yake ya kunywa yawe kwenye sufuria nzito. Ndoana zote ndani ya ndoo yenye mfuniko. Usimfunge kwa shingo chombo kikiwa kinakwenda, akianguka nje utamnyonga. Mwambie mwanangu akate lile koti la kuokolea lililochanika, amshonee kijikoti chenye mshikio mgongoni, ili siku akianguka mshike kama mkoba. Mwanangu ni fundi mzuri. Sijui macho yake yalikuwa wapi siku ile aliyokuchagua.

Jina halibadilishwi.

Mama wa mkeo


Jumanne, 25 Februari

Shikamoo Mama,

Natumaini maumivu yamepungua. Mke wangu anasalimu sana na amemaliza kijikoti. Ni cha rangi ya chungwa. Mbwa amependeza kuliko sisi.

Nimefuata maneno yako. Gatini amejifunza haraka, lazima niseme ukweli. Anaingia, analala, anatazama mkono wenye ini kama karani anayengoja kustaafu. Hata injini ikiwaka hashtuki tena.

Lakini tukiondoka tu, yote yanafutika. Tukipita kichwa cha gati anaanza kutetemeka, anasimama, anazunguka, analia. Na juzi tulipovuta wavu alirukia samaki, akanasa, akamvuta Nusu Neno mpaka akagonga goti kwenye ukingo. Nusu Neno alinyanyuka, akajifuta damu, akasema sentensi nzima, ya kwanza tangu nimjue: "Huyu mbwa au mimi, chagua." Halafu hakusema tena mpaka leo.

Kwa hiyo, Mama, nilimchapa. Kwa ncha ya kamba, mara chache, si kwa nguvu. Nilidhani ataelewa. Sasa akiniona nimeshika kamba yoyote anajikunja chini ya ubao, na kwenye boti kila kitu ni kamba.

Sikuficha. Ningeweza kuficha.

Kama una njia nyingine nitaifuata. Kama huna, basi mimi ninamhitaji Nusu Neno kuliko ninavyomhitaji mbwa.

Mkwe wako


Ijumaa, 28 Februari

Wewe,

Salamu nimempa dereva akupe kwa mdomo, maana mkono wangu umekataa kuziandika.

Ulimchapa. Mbwa aliyekaa gatini jua na mvua akimngoja mtu, akaamua mwenyewe kuingia majini kumtafuta, wewe ukamchapa kwa sababu anaogopa. Sasa umemfundisha kuogopa vitu viwili. Hongera. Ningekuwa na mguu ningekuja.

Na usidhani sijui kinachoendelea humo. Nimevua na wewe msimu mzima. Unavuta wavu kwa mkono mmoja. Mkono wa pili umeshika ukingo wa boti tangu tunapoondoka mpaka tunaporudi, vidole vimekuwa vyeupe. Tukipita kichwa cha gati, hapo hapo anapoanza kutetemeka mbwa, ndipo wewe unaposhusha pumzi kama mtu anayeingia kwa daktari wa meno. Hujui kuogelea. Hukuniambia, na mimi sikukuuliza, nilikuwa nikicheka moyoni. Mbwa hasomi mawazo, anasoma mabega. Analala kwenye gunia lake, anainua macho, anamwona nahodha wake amekauka kama kijiti. Atatulia vipi?

Kwa hiyo mwache mbwa kwa sasa, jifundishe wewe. Vaa koti la kuokolea, acha kuona aibu, hakuna anayekutazama uzuri. Ushushe huo mkono. Kaa. Pumua. Zungumza na Nusu Neno, hata asipojibu. Na kamba zote zishikwe mbele ya mbwa bila kufanya chochote, kila siku, na ini mkononi, mpaka asahau ulichofanya. Atasahau. Hao husamehe kirahisi, ndiyo maana wanadamu wabaya wanapenda kuwafuga.

Mimi nina wangu wa kunifundisha huku. Kijana wa mazoezi, mwenye mikono laini kama mkate. Nikipiga hatua moja anapiga makofi: "Safi sana, Bibi! Moja tena!" Sijampiga bado.

Mama wa mkeo


Jumatano, 19 Machi

Shikamoo Mama,

Nilikasirika, ndiyo maana nimekawia. Sasa nimepoa kiasi cha kuandika kwa adabu.

Ni kweli sijui kuogelea. Ulijua msimu mzima na ukanyamaza ukicheka. Hilo nalo ni la kujivunia, Mama? Mtu angekufa, ungemcheka mpaka saa ngapi?

Nimeushusha mkono. Wiki ya kwanza nilikuwa naukalia. Nusu Neno aliona, akanitengenezea ubao wa kukanyagia miguu ili nisiteleze, bila kusema neno, nusu wala zima. Nilianza kupiga hadithi njia nzima kama nilivyokuwa nikifanya kwenye kibanda, habari za wateja, za vipara na za ndevu. Sauti yangu haikuwa ikitetemeka, na mbwa aliweka kidevu juu ya miguu yake, akalala. Tukapita kichwa cha gati. Sikugundua kwamba tumepita mpaka tulipokuwa mbali.

Sasa wavu ukipanda ananyanyua kichwa tu. Shakwe akitua mbele yake anatetemesha mdomo, ananitazama, nasema "acha", anaacha. Nusu Neno amerudia kumpa vichwa vya samaki kwa siri, akidhani sioni.

Naona wewe na mbwa mmefanana kwa jambo moja. Wote wawili mnafundishwa kwa makofi na sifa. Tofauti ni kwamba yeye anafuata.

Jioni, wavuvi wamenizoea, nawanyoa pale pale gatini. Hilo nalo nimekwambia ili usilisikie kwa mwingine.

Mkwe wako


Jumatatu, 24 Machi

Mkwe wangu,

Salamu kwenu. Ulimi umeota, naona. Mbwa ametulia na wewe umeanza kubweka.

Plasta imetolewa. Mguu uliomo ndani si wangu, ni wa mtu mwembamba nisiyemfahamu. Daktari anasema maneno mengi yenye "huenda". Ni kijana, anaongea akitazama kompyuta. Nitarudi karibuni, kwa hiyo usianze kuhamisha vitu vyangu kwenye boti wala kuning'iniza vioo vya kinyozi.

Mbwa akilala jua kali mwagia maji mbao zake, zinachoma miguu. Nilisahau kukwambia. Au nilidhani una akili.

Mama wa mkeo


Jumapili, 20 Aprili

Shikamoo Mama,

Habari za mguu? Sisi tuko hai wote watatu, na naanza na hilo kwa sababu ilikuwa karibu isiwe hivyo. Nimekaa muda bila kuandika kwa sababu nilijua utasema nini.

Tulikuwa tunavuta wavu, upande wa miamba, ndani yake, si nje, usianze. Wavu ulinasa chini kwenye kitu, sijui jiwe au kisiki. Nusu Neno alikuwa amesimama, kamba ya wavu imelala miguuni pake. Wimbi likainua boti, kamba ikakaza ghafla, ikamzunguka kifundo cha mguu na kumchukua. Hakupiga kelele. Alikuwepo, halafu hayupo.

Boti ikalala upande ule. Mbwa akasimama.

Mama, nilimwona akikunja miguu ya nyuma ili aruke. Angeruka upande ule ule, na kwa jinsi tulivyoinama, maji yangeingia na tungekwenda wote. Nilisema, "Bwana Harusi. Kaa." Sikupiga kelele. Sikujua kama nina sauti ya namna hiyo. Alinitazama, akatazama maji, akalia kama mtoto, akakaa.

Nilichukua kisu nikakata wavu. Nilikata pale pale mkono wangu ulipofika, sikuchagua. Nikainama nje mpaka tumboni, mikono yote miwili iko majini, nikakamata koti la Nusu Neno na kumvuta. Alikuwa wa bluu usoni. Nilimgeuza, nikampiga mgongoni, akatapika maji mengi.

Muda wote huo mbwa alikuwa kwenye gunia. Anatetemeka mwili mzima, amejikojolea, anatutazama. Hakuinua mguu hata mmoja.

Nusu Neno alipopata pumzi alilala chali, akageuza kichwa upande wa gunia, akasema, "Mbwa abaki."

Basi. Mguu wake umevimba ila haukuvunjika. Lakini nusu ya wavu wako mpya, ule uliokataa tusiuguse mpaka msimu ufunguke, iko chini ya maji, na nusu iliyobaki imechanika vibaya. Niseme nini? Niliutumia bila ruhusa na nimeukata.

Sema unalotaka. Nimeshajisemea mengi.

Mkwe wako


Ijumaa, 25 Aprili

Mkwe wangu,

Salamu, na za Nusu Neno nyingi zaidi. Mwambie asikanyage mguu huo mpaka mchubuko ugeuke kijani.

Kama ungeniandikia kwamba umeokoa wavu, barua hii usingeipata, wala nyingine.

Ulikata vibaya, hilo nina hakika bila kuona. Unakata kila kitu kama nywele. Uoshe uliobaki, uukunje, umpe dereva aulete huku. Mhasibu ana sebule kubwa isiyofanya kazi yoyote.

Mbwa mpe ini zima. Si kipande.

Mama wa mkeo


Jumapili, 25 Mei

Shikamoo Mama,

Wavu ulioushona umefika. Nusu Neno aliutandaza gatini, akaupitia fundo kwa fundo, na wavuvi wengine wakaja kutazama. Shemeji alimpigia dada yake kulalamika kwamba sebule inanuka na kwamba umefunga kamba kwenye miguu ya meza ya kioo. Nilifurahi sana.

Lakini siandiki kwa ajili ya wavu.

Dereva wa gari la barafu ni mtu anayetunza siri mpaka akae kwenye kiti cha kinyozi. Jana nilikuwa namnyoa. Nikamwambia, "Afadhali wavu umefika salama." Akasema, "Na mwenyewe pia alifika salama wiki iliyopita." Nikasimamisha wembe. "Mwenyewe nani?" Akajaribu kubadilisha mazungumzo, na mtu hawezi kubadilisha mazungumzo akiwa na povu mpaka masikioni.

Kumbe ulikuja. Ulikaa kiti cha mbele cha gari na gongo lako, limeegeshwa juu kule barabarani, ukatutazama tukiingia. Ndiyo maana mbwa alifanya vile! Tulikuwa bado hatujafunga kamba. Nilisikia mluzi, nikadhani ni wa wahuni wa gati. Yeye alisimama, masikio juu, akatazama barabarani, akaanza kulia. Akanigeukia mimi. Nikamwambia akae, kwa sababu boti ilikuwa bado inacheza na Nusu Neno ana kamba mkononi. Akakaa. Alikuwa anakuona, Mama. Alikuona na akakaa, kwa sababu mimi, mjinga, nilimwambia. Tulipomaliza nikamwachia, akapanda barabara mbio, na hapakuwa na kitu ila tope la magurudumu. Alilinusa mpaka giza likaingia, na mimi nikimcheka kwamba amepata mchumba.

Hiyo ni tabia gani? Mtu anatoka mjini, mguu mbovu, anachungulia watu wake kwenye dirisha la gari la barafu kama mdai kodi, halafu anamwambia dereva geuza? Mwanao alikuwa nyumbani, hatua chache tu. Sijamwambia, kwa sababu sijui nitamwambiaje bila kukutukana.

Umenidharau tangu siku ya harusi, nami nimemeza, kwa sababu mara nyingi ulikuwa na haki. Niliogopa maji, nilichapa mbwa, nilitetemeka. Lakini sikuwahi kukimbia gati. Leo zamu yangu. Leo nimekudharau wewe, Mama, na nasema hivyo kwa heshima zote.

Mkwe wako


Ijumaa, 30 Mei

Mkwe wangu,

Hamjambo? Mimi sijambo, kwa kadiri itakavyokuwa.

Barua yako nimeisoma mwenyewe, kimya, chumbani. Mhasibu aliuliza kama kuna kichekesho. Nikamwambia afunge mlango.

Ukweli ni huu. Daktari aliacha kusema "huenda". Goti halitakunjika tena. Naweza kutembea kwa gongo kwenye sakafu tambarare. Kwenye boti siwezi kusimama hata ikiwa imefungwa. Alinieleza akiitazama kompyuta yake, na mimi nikatazama viatu vyake.

Nikapanda gari la barafu. Njia nzima nilikuwa napanga matusi. Nilikuwa nayo mazuri, mengine mapya kabisa. Nilijua mtaingia kwa fujo, mbwa anabweka, wewe umeshika ukingo, nami nitashuka na gongo langu niwapigie kelele mpaka mkumbuke ni boti ya nani. Badala yake mkaja taratibu, injini chini, Nusu Neno anacheka. Nusu Neno! Nikapiga mluzi. Mbwa wangu akanitazama, akakugeukia wewe kuuliza ruhusa, na wewe ukamnyima.

Nikamwambia dereva geuza. Nililia mpaka tukavuka daraja. Akadhani ni mguu, nami nikamwacha adhani hivyo. Basi, umenidharau, sawa. Hiyo moja nimekupa. Usiizoee.

Hawa watu wameniandalia chumba chenye televisheni. Wananiita "mgonjwa wetu". Nimemwambia mwanangu asinitafutie blanketi jingine, narudi kwangu. Alilia kidogo, kisha akaenda kupima kama meza ya kioo imekwaruzwa.

Kwa hiyo sikiliza. Boti utaongoza wewe. Mimi nataka benchi pale gatini, lenye mgongo, kivulini, na nyavu zote zilizochanika ziletwe kwangu. Nitashona na nitatukana. Mwanangu asipike kwa ajili ya kijiji kizima. Nikishuka garini na mbwa yuko kwenye gunia lake, usimwite aje kunipokea. Mwache, yuko kazini.

Halafu unafunga kamba ya nyuma kabla ya ile ya mbele. Nani kakufundisha ujinga huo? Upepo ukigeuka utakung'oa jino. Hilo tutalizungumza uso kwa uso, na lete ubao wa kukaa, maana yatakuwa mazungumzo marefu.

Usijibu barua hii. Jibu litakapofika huku, nitakuwa nimeshaondoka.

Mimi,
mama yenu